Mfanyabiashara Naye Ashike Kalamu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, wafanyabiashara na mafundi wa Kibaha na Kisarawe)



Tulipoalikwa kusema juu ya biashara, bila shaka wengi wenu mlitazamia habari za mikopo, kodi na bei ya korosho. Leo tutasema juu ya kitabu. Wako wanaotabasamu huko nyuma, twawaona. Tunaomba watusikilize kwanza.

Tuanze na habari ya zamani. Hamed bin Muhammed, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Hatukuja hapa kumsifu. Lakini mtu yule alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na habari hizo zikapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa kazi ya Mjerumani, Heinrich Brode. Humo anaeleza, bila haya, jinsi alivyopungukiwa na wapagazi akaingia Uzaramo kukamata watu wambebee mizigo. Uzaramo, ndugu zangu, ndiko huku kwetu. Leo mtu akitaka kuijua safari ile husoma hesabu ya mwenye mizigo. Wale walioibeba hawakuandika wala hawakuandikiwa.

Sasa tazameni mambo ya leo. Yuko mama Kisarawe aliyeuza mihogo na korosho miaka thelathini. Anajua ni mwezi gani mlanguzi huja na bakuli lake la kangomba, na kwa nini mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa humkubalia hasara ile akiiona kwa macho. Yuko bwana hapa Kibaha aliyefuga kuku wa mayai, akafilisika mara mbili, akasimama tena. Watu hawa wakifa, mtoto wao huanza moja. Hununua vifaranga vilevile vibovu na kuuza kwa mkopo kwa watu walewale wasiolipa. Hiyo ni mali inayozikwa kaburini, na hakuna benki itakayoirudisha.

Mtasema, kazi ya vitabu ni ya walimu. Si kweli. Marehemu Elvis Musiba, aliyeandika Kufa na Kupona mwaka 1974 na hadithi nyingine za Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara, akapata hata kukiongoza chama cha wafanyabiashara, yaani TCCIA. Marehemu Reginald Mengi, mhasibu aliyeanza biashara kwa kuunganisha kalamu za wino, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2018, chini ya mwaka mmoja kabla ya kufariki. Alikiandika kwa Kiingereza, na hapo ndipo tunaposikitika kidogo, maana muuza mitumba wa Mlandizi angekifaidi zaidi kwa lugha yake.

Na Kibaha haiwezi kusema haijui vitabu. Mji huu ulipata shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima kutokana na mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Kisarawe nayo ina Minaki, shule iliyosomesha watu tangu enzi za wamisionari. Wasomaji tunao. Kinachokosekana ni kitabu cha biashara ya hapa, kilichoandikwa na mtu aliyeingia mwenyewe sokoni.

Lakini hatutaki kuwadanganya. Kitabu nacho ni biashara, na chaweza kumla mtu. Sisi wenyewe tulipata kuandika kijitabu cha kuweka hesabu za duka. Tulipokimaliza tukakimbilia kwa mpigachapa mmoja, hatutamtaja, tukaagiza nakala 1,000 kwa sababu alituambia ya kwamba nyingi ndizo rahisi. Alisema kweli: gharama kubwa ni ya kuitayarisha mashine, na nakala zinazofuata hupungua bei. Lakini nakala rahisi isiyonunuliwa ni ghali kuliko zote. Tena hatukudai kuona mfano kwanza. Kurasa zilibandikwa kwa gundi dhaifu, na msomaji akifungua mara tatu zilimbaki mkononi. Tuliuza chache, nyingine tukagawa harusini na misibani, zilizobaki wakazipata mchwa. Na sisi ndio tuliokuwa tukifundisha watu hesabu!

Basi hesabu ni hii. Kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 96 hutimia mafungu sita, na cha kurasa 98 chaweza kukulipisha karatasi tupu. Tuseme unataka kukiuza shilingi 10,000. Mwenye duka la vitabu hutaka sehemu yake, nayo si ndogo; hesabu theluthi. Toa hiyo, toa gharama ya kuchapa, toa nauli, toa malipo ya mhariri. Ndiyo, mhariri alipwe. Mtu anayemlipa fundi wa kupaka duka rangi halafu anaona uchungu kumlipa anayesafisha maneno yake, huyo hajajua anachouza. Kikibaki kitu, ndicho chako. Kisipobaki, punguza kurasa, au tafuta wanunuzi kabla ya kuchapa: vyama vya ushirika, vikundi vya akina mama, shule.

Ukipata mchapishaji wa kubeba gharama, soma mkataba mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini haimlindi aliyeuza haki yake yote kwa fedha ya mara moja pasipo kujua. Ukijichapisha mwenyewe, nenda Bodi ya Huduma za Maktaba upewe namba ya kitabu, ISBN, na upeleke nakala zinazotakiwa.

Kuna anayesema moyoni: nikiandika siri za biashara yangu, jirani atanishinda. Ndugu, jirani ameshakuchungulia miaka kumi. Anayefaidika na ukimya wako ni yule wa bakuli.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Asiyejua kuandika vizuri atasimulia, na kijana wake ataandika. Kila mswada utasomwa na watu watatu: mmoja wa kazi ileile, mwalimu mmoja, na mmoja anayejua hesabu. Hakuna atakayekwenda kwa mpigachapa kabla hao watatu hawajamaliza. Madaftari tumekuja nayo, yako pale mezani karibu na mlango, na yule mama wa korosho ameshachukua mawili.