MTAALA NI MMOJA, WATOTO HAWAFANANI

Mazungumzo na walimu wapya, kata ya Kasoli, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu



Nimeombwa nizungumzie elimu jumuishi. Jina ni kubwa, lakini maana yake ni rahisi: kila mtoto asome pamoja na wenzake, na shule ndiyo ijipange kumpokea. Jambo hili lilipata nguvu duniani mwaka 1994, katika mkutano wa Salamanca, Hispania. Hapa kwetu, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wengine. Mtaala ulioboreshwa nao, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, unasisitiza umahiri, siyo kukariri tu.

Yote hayo ni mazuri. Lakini jamani, mtaala hauna macho! Haujui kwamba mtoto wa dawati la nyuma haoni ubao. Wewe ndiye unayeweza kujua. Usipojua, mtoto huyo ataitwa kilaza, atachapwa, atachoka, na mwisho atakwenda kuchunga ng'ombe au kulima pamba. Tutasema ameacha shule mwenyewe. Je, ni kweli ameacha mwenyewe?

Tuangalie mambo machache ya afya ambayo mwalimu anaweza kuyaona bila kuwa daktari.

Macho. Mtoto anakunja uso, anaweka daftari karibu na pua, au ananakili kwa jirani. Mwite asogee mbele, asome maneno yale yale. Akiyasoma, tatizo siyo akili, ni macho. Mhamishe mbele, andika herufi kubwa, soma kwa sauti unachoandika, kisha mweleze mzazi ampeleke mtoto kupimwa. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali humuumiza. Asikae penye jua la dirishani. Nje avae kofia pana na mikono mirefu. Usimwite zeruzeru, wala usikubali wenzake wamwite hivyo. Ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Siyo laana na hauambukizi. Kanda yetu ya Ziwa imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa sababu ya ushirikina. Kwa hiyo mtoto huyu akikosekana shuleni, ulizia siku hiyo hiyo.

Masikio. Mtoto unamwita haitiki, au anajibu kitu kingine kabisa. Wengi tunasema ana kiburi. Mwangalie: je, masikio yanatoa usaha? Basi aende zahanati. Darasani akae karibu nawe, na uzungumze ukiwa umemwelekea, siyo ukiwa umegeukia ubao.

Selimundu. Kanda ya Ziwa ni kati ya sehemu zenye wagonjwa wengi wa ugonjwa huu nchini. Mtoto huyu anahitaji maji mara kwa mara, na kwa hiyo anahitaji kwenda chooni mara kwa mara. Ukimnyima ruhusa, au ukimpa adhabu ya kukimbia juani, unaweza kumletea maumivu makali ya kumlaza hospitali. Mruhusu awe na chupa ya maji kwenye dawati. Haigharimu chochote.

Kifafa. Hakiambukizi, hata kwa mate wala povu! Akianguka, ondoa vitu vigumu karibu yake, mlaze ubavu, na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Angalia saa. Ikizidi dakika 5, apelekwe haraka kituo cha afya. Akizinduka, mpe nafasi apumzike, kisha arudi darasani. Wenzake watamwogopa au watamzoea kwa kukuangalia wewe.

Lugha. Watoto wengi wa hapa wanaanza shule wakiwa na Kisukuma tu. Mtoto anayenyamaza huenda jibu analo, Kiswahili ndicho hana. Muulize kwa picha, kwa vijiti, kwa kumwambia aonyeshe. Ukijua maneno machache ya Kisukuma, tayari umefungua mlango.

Tusiwasahau wasichana. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi kusoma. Lakini ruhusa haimlindi dhidi ya kicheko. Akirudi akakuta mwalimu anamtolea mfano mbaya mbele ya darasa, kesho hutamwona.

Najua swali lenu, maana nalisikia kila ninapokwenda: "Darasa limejaa, azimio la kazi linanidai nimalize mada, nitamwangalia saa ngapi mtoto mmoja mmoja?" Swali hilo ni la haki. Mwalimu mmoja hawezi kufanya kazi ya walimu watatu, na wanaopanga ikama wanapaswa kuambiwa hivyo. Walimu wa elimu maalum wanaofunzwa Patandi, Arusha, nao hawajatosha kufika kila shule ya kijijini. Hata hivyo, kubadilisha mahali pa kukaa hakusubiri ajira mpya. Anza wiki hii na watoto watano unaowaona wako nyuma. Andika majina yao kwenye daftari lako. Kwa kila mmoja jiulize: anaona? Anasikia? Anaumwa? Ananielewa lugha? Amekula? Wiki ijayo chukua wengine watano. Mada ukiimaliza na nusu ya darasa haikuipata, hiyo mada haijaisha. Umeimaliza peke yako.

Na ninyi wanafunzi mtakaosoma maneno haya gazetini: mwenzako asiyeona ubao msomee. Anayechekwa, usicheke. Wewe mwenyewe ukiwa na tatizo, mwambie mwalimu unayemwamini. Kuomba kuhamia dawati la mbele siyo aibu.

Walimu wenzetu, kazi ni kwenu.