Sindano ya Seftriaksoni Si Dawa ya Kila Homa

(Mazungumzo na kamati za parokia, Ikoma, Wilaya ya Serengeti)



Leo tunazungumzia dawa za jamii ya sefalosporini. Asili yake ni kuvu iliyopatikana mwaka 1945 na Profesa Giuseppe Brotzu, mahali maji machafu yalipomwagikia baharini huko Cagliari, Italia.

Sefaleksini ya kumeza hutibu maambukizi ya ngozi na ya njia ya mkojo. Sindano ya seftriaksoni huokoa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, nimonia kali na homa kali ya matumbo. Haitibu malaria wala mafua.

Hapa kwetu, homa ikipanda usiku na Mugumu ni mbali, tunakimbilia duka la dawa. Mtu akipata nafuu, anaacha dozi njiani. Vijidudu sugu hubaki na kuzaana.

Hasara yake imeonekana. Katika utafiti wa mwaka 2001 na 2002 hospitalini Muhimbili, kati ya watoto wenye vijidudu vya damu vinavyovunja nguvu ya dawa hizi, asilimia 71 walifariki.

Kwa hiyo tunaomba: homa ipimwe kwanza, dozi imalizwe kama ilivyoandikwa, na mwenye mzio wa penisilini aseme mapema. Nanyi wafadhili, mnapochangia dawa, changieni pia darubini na vitendanishi vya maabara. Dawa bila kipimo ni jiwe la gizani.