Kutafuta Chanzo cha Tumbo Lijaalo Kila Siku



Katika maradhi yatufikiayo vituoni, ni machache yadharauliwayo kama tumbo lijaalo gesi, liungurumalo na kumkosesha raha mwenyewe majuma kwa majuma. Tena ni machache yatibiwayo kwa dhana kama hilo, kwani mgonjwa aghalabu huwa amekwisha kupita duka la dawa, akauziwa vidonge vya kupunguza asidi, kisha dawa ya minyoo, kisha ya homa ya matumbo, kabla hajatokea mtu wa kumwuliza tumbo hilo hujaa saa ngapi na baada ya kula nini. Rai yangu ni kwamba chanzo hutafutwa kwa taratibu: tuanze kwa kusikiliza, tufuatishe kwa kuchunguza kwa mkono, na kipimo kije baadaye, kijibu suali lililokwisha kuulizwa.

1. Hadhari itanguliayo

Kwanza hatuna budi kupambanua baina ya udhia na hatari. Mgonjwa akondaye bila ya sababu, atoaye choo chenye damu au choo cheusi chenye kunata, atapikaye mfululizo, aliyepungukiwa na damu, au ambaye chakula humkwama kifuani, apelekwe hospitali pasi na kungoja. Mwanamke aliyetimiza miaka 50, ambaye tumbo lake limeanza karibuni kujaa na kushiba upesi, achunguzwe ovari, maana saratani ya ovari huweza kujificha nyuma ya dalili hizi hizi.

Kisha mgonjwa alazwe chali, na tumbo lake ligongwe kwa kidole: penye gesi hulia kama ngoma, na penye maji sauti huwa nzito. Akigeuzwa ubavu na ile sauti nzito ikahama mahali pake, hayo ni maji, na tuelekeze fikira zetu kwenye ini. Na kwa wenzetu wa pwani za Ziwa Viktoria tukumbuke kichocho cha tumbo, ambacho huliharibu ini na kuikuza bandama.

2. Daftari la mgonjwa

Hatari zikiisha kuondolewa, mgonjwa apewe daftari la siku 14, aandike alichokula, saa yake, na hali ya tumbo na choo. Mathalani aandike: Jumatatu, saa moja asubuhi, chai ya maziwa na vitumbua, saa tatu tumbo limejaa, saa nne choo chepesi. Jumanne, chai ya rangi na vitumbua vile vile, salama. Mistari miwili hiyo yatosha kutuonyesha pa kuanzia, napo ni penye maziwa.

Watu wazima wengi hupungukiwa na kimeng'enya cha laktasi, ambacho mtoto mchanga huwa nacho tele. Basi sukari ya maziwa huteremka hadi utumbo mpana bila ya kusagwa, bakteria wakaichachusha, na gesi ikazaliwa. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walibainisha kwamba miongoni mwa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wamo wengi waliorithi uwezo wa kuyasaga maziwa hata ukubwani. Kwa hiyo kikombe kimoja huwa riziki kwa huyu na adha kwa yule. Mtindi huvumilika zaidi, kwa kuwa bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Maharage nayo yana sukari ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzisaga. Kuyaloweka usiku kucha na kuyamwaga maji yake huzipunguza. Tusisahau na dawa: metformini ya kisukari huleta gesi, ilhali aspirini na diklofenaki huchubua tumbo.

Kinachotuhumiwa kiondolewe peke yake, majuma mawili, kisha kirudishwe. Dalili zikirudi pamoja nacho, ithibati imepatikana.

3. Vipimo

Daftari lisipoonyesha chanzo, ndipo tugeukie vipimo, tukianza na vya vidonda vya tumbo. Huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walithibitisha kwamba vidonda vya tumbo, vilivyodhaniwa kuwa ni taathira ya wasiwasi na pilipili, aghalabu husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao, akaugua. Na mwaka 2005 wote wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyu hutafutwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi, baada ya mgonjwa kuacha omeprazoli majuma mawili na antibiotiki majuma manne, ama sivyo jibu laweza kudanganya. Kipimo cha damu hakipambanui maradhi yaliyopo na yaliyokwisha kupita. Hali kadhalika, kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kumhukumia mtu kuwa ana homa ya matumbo.

Pindi vipimo vyote vikitoka safi, na maumivu yakawa yafungamana na kwenda choo, tusimwambie mgonjwa kwamba hana kitu: utumbo wenye hisia kali kupita kiasi ni ugonjwa wa kweli, nao una tiba ya chakula na ya dawa.

4. Mapendekezo

Napendekeza kila kituo kiwe na karatasi moja ya maswali ya tumbo. Dawa ya minyoo na antibiotiki zisitolewe kwa kubahatisha. Na kila mgonjwa arejee baada ya majuma mawili akiwa na daftari lake mkononi, lisomwe mbele yake kabla ya kuandikiwa dawa yoyote.