Nitaandikisha Kama Nani?

(Haya ni maneno niliyoyasema katika mkutano wa Watanzania tuishio Uingereza. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, lakini hoja ni zilezile.)

 

Ndugu Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie ajira kwa vijana nilisita. Mimi si mchumi wala si mwanasiasa. Mimi ni muuguzi. Lakini nikajiambia kwamba wachumi na wanasiasa wamelizungumza jambo hili miaka nenda miaka rudi na bado tuko palepale, kwa hiyo leo si vibaya mkamsikiliza mtu wa wodini.

Nianze na simu niliyopigiwa. Binti wa dada yangu ana miaka 26. Ana stashahada ya uuguzi, amefaulu mtihani wa leseni na amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Huu ni mwaka wa tatu anafanya kazi katika hospitali moja ya serikali huko nyumbani. Jina lake limo kwenye ratiba ya zamu kama wenzake. Anaingia usiku, anazalisha, anachoma sindano, anafunga vidonda. Tofauti yake na wenzake ni moja tu: mwisho wa mwezi wao wanapata mshahara, yeye hapati hata senti. Yeye, kama tunavyosema siku hizi, "anajitolea".

Usiku mmoja alinipigia analia. "Shikamoo mama mdogo, nimejichoma na sindano ya mgonjwa." Nikamwambia akanawe, aende haraka akaanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, kwa sababu zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 na zimezwe kwa siku 28. Hilo alikuwa analijua. Nikamwuliza kama ameandikisha kwenye kitabu cha ajali kazini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mama mdogo, nitaandikisha kama nani?"

Namshukuru Mungu vipimo vyake vyote vilitoka salama. Lakini swali lile halijanitoka, na ndilo nililokuja nalo hapa leo.

Ndugu zangu, tunapozungumzia ukosefu wa ajira picha inayotujia ni ya vijana waliokaa kijiweni. Au tunakumbuka Juni 2014 pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambapo vijana zaidi ya 10,000 waliitwa kwenye usaili wa Idara ya Uhamiaji kugombea nafasi 70. Picha hizo ni za kweli. Lakini ipo picha nyingine ambayo hatuitazami, nayo ni ya kijana anayefanya kazi kutwa kucha, kazi ambayo taifa linaihitaji, na halipwi.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti ya ajira kwa vijana mwaka 2024. Inasema mwaka 2023 vijana wa miaka 15 hadi 24 waliokuwa wanatafuta kazi bila kupata walikuwa milioni 64.9 duniani kote, yaani asilimia 13, kiwango cha chini kabisa katika miaka 15. Kwetu Kusini mwa Sahara kiwango kilikuwa chini zaidi ya wastani huo. Eti sisi tuna nafuu! Mwaka 2013 Ugiriki na Hispania zilikuwa na zaidi ya asilimia 50. Je, kijana wa Tandika ana maisha bora kuliko kijana wa Athens?

Siri iko kwenye namna ya kuhesabu. Kwa vipimo vya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja tu katika wiki anahesabiwa kuwa ana ajira. Kwetu hakuna posho ya serikali ya kumlisha asiye na kazi, kwa hiyo maskini hana uwezo wa kukaa bila kufanya chochote. Atauza karanga, atabeba zege, atapiga debe. Mpwa wangu anapotoka zamu hukaanga maandazi na kuyauza pale mtaani. Kwa takwimu, kule hospitali anakookoa maisha ya watu si ajira, kwa sababu halipwi. Ajira yake ni maandazi! Anahesabiwa kuwa mtu mwenye kazi kwa sababu ya maandazi.

Ndiyo maana mwaka 1999 Juan Somavia, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa ILO, alileta neno jipya: kazi yenye staha. Alikuwa anasema kwamba haitoshi kuuliza kama mtu ana kazi. Uliza pia kazi hiyo inamlipa vipi, haki zake zinaheshimiwa au la, akiumia nani anamtazama, na akiwa na la kusema ana mahali pa kulisemea? Mpimeni binti yetu kwa maswali hayo. Malipo hana. Mkataba hana. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, lakini hana mwajiri wa kumchangia. Chama cha wafanyakazi hakimjui, maana hakikati mchango kwenye mshahara usiokuwepo. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu amechumia juani miaka mitatu, kivuli hajakiona.

Sasa kuna watakaoniambia kwamba serikali haina fedha. Hoja hiyo naiheshimu, nchi yetu si tajiri. Lakini naomba niwakumbushe jambo moja. Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili ihakiki watumishi hewa. Madaktari na wauguzi waliokuwa wamehitimu wakakaa nyumbani, huku zahanati zikilia upungufu. Machi 2017 Tanzania ikakubali kuipatia Kenya madaktari 500, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa kule. Mahakama ya Kenya ikazuia mpango huo. Aprili 2017 Rais Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe mara moja nyumbani.

Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini nilijiuliza, na ninajiuliza hadi leo: kama fedha hazikuwepo mwezi uliopita, mwezi huu zimetoka wapi? Kama nafasi hazikuwepo, zimezaliwa lini? Jibu ni kwamba nafasi zilikuwepo siku zote. Wagonjwa walikuwepo, na madaktari walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba jambo hili haliwezi kusubiri.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo la vijana wetu daima ni kukosa ujuzi, au "hawataki kujiajiri". Muuguzi atajiajiri vipi, afungue wodi ya wazazi uani kwake? Na tusidanganyane pia kwamba tiba ni kuwapeleka wote nje. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa kodi ya mkulima na niko hapa nawahudumia wazee wa Kiingereza. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza imejiwekea mwongozo wa kutokwenda kuajiri wauguzi kwa makundi katika nchi hizo. Tazameni kituko hicho. Dunia inaambiwa isiwachukue wauguzi wa Tanzania kwa sababu Tanzania inawahitaji mno, na Tanzania yenyewe haiwaajiri!

Na mlango uliokuwa wazi mnajua ulivyowafanya watu. Mwaka 2022 Uingereza ilifungua viza kwa wafanyakazi wa kutunza wazee. Vijana kutoka nchi nyingi za Afrika waliuza viwanja wakawalipa mawakala, wakafika hapa wakakuta saa za kazi hakuna, na mwenye viza yao ndiye mwenye roho yao. Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa waombaji wapya walioko nje. Ndugu zetu walioko Ghuba wanayajua ya kwao, ya mfanyakazi wa ndani ambaye mara nyingi hawezi kubadili mwajiri bila ridhaa ya bosi wake. Kupanda ndege si sawa na kupata kazi yenye staha.

Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha jambo. Mwaka 2024 madaktari wao waligoma siku 56, na hoja kubwa ilikuwa madaktari vijana walioko kwenye mafunzo ya kazi. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, wakati makubaliano ya 2017 yalisema zaidi ya 206,000. Wapo waliowalaumu kwa kuwaacha wagonjwa, na mimi kama muuguzi mgomo unaniuma moyoni. Lakini wale walikuwa na chama, na walikuwa na karatasi ya kuonyesha. Wa kwetu wanaojitolea hawana hata kitu cha kugomea. Wakiacha kuja, wanaambiwa asanteni, anaitwa mwingine aliyeko kwenye foleni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kujitolea ni kubaya. Tumelelewa katika msaragambo, tumefyatua matofali ya shule. Lakini yule aliyefyatua matofali jioni alirudi kwenye shamba lake. Kujitolea ni pale mtu anapotoa cha ziada. Anayetoa siku yake yote na ujana wake wote kwa sababu hana pengine pa kushika, huyo hajajitolea, huyo ametumika. Na Katiba yetu, ibara ya 23, inasema wazi kwamba anayefanya kazi anastahili malipo ya haki. Sioni mahali iliposema isipokuwa wauguzi vijana.

Na sisi tuliomo humu tujitazame. Kila mwezi natuma fedha ya nauli, chumba na viatu vya zamu vya yule binti. Siku moja nikapiga hesabu nikashtuka. Mimi ndiye ninayemlipa mshahara muuguzi wa serikali! Ni wangapi humu mnamlipia mwalimu, mhasibu au mtabibu wa namna hiyo? Tunaita kusaidia ndugu, na ni kweli tunasaidia. Lakini kwa kusaidia kimyakimya tunaiondolea serikali aibu. Nisipotuma, binti ataacha na wagonjwa wataumia. Nikituma, mwenye wajibu analala usingizi. Mtego huo mimi mwenyewe sijaupatia jawabu kamili, lakini najua kwamba kutuma na kunyamaza si jawabu.

Kwa hiyo naomba tusimamie mambo manne. La kwanza, kila hospitali na kituo cha afya kibandike ukutani idadi ya nafasi zinazotakiwa, zilizojazwa, na wangapi waliomo kwenye ratiba wanajitolea. Tuwahesabu kwanza. La pili, anayewekwa kwenye ratiba ya zamu apewe mkataba hata wa muda, posho kutoka mapato ya kituo, na kinga ya fidia tangu siku ya kwanza. La tatu, kujitolea kuwe na kikomo, tuseme miezi sita, na muda huo uhesabiwe kuwa uzoefu nafasi zinapotangazwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 2013 kwamba kijana asizidishe miezi minne bila kupewa kazi, masomo au mafunzo. Hawakufanikiwa kote, lakini waliweka tarehe ambayo mtu anaweza kuidai. La nne ni letu: kikao cha Bunge la bajeti huanza Aprili Dodoma. Kabla ya hapo kila mmoja wetu amwandikie mbunge wa kwao amwulize swali moja tu: jimboni kwako wako vijana wangapi wanaofanya kazi ya serikali bila mshahara?

Tulifundishwa tangu utoto kwamba asiyefanya kazi asile. Hakuna aliyetufundisha la kumwambia anayefanya kazi na bado hali.

Binti yangu aliniuliza ataandikisha kama nani. Usiku ule sikuwa na jibu. Leo ninalo, na naomba tulipeleke wote kwa sauti moja: aandikishwe kama mfanyakazi, kwa sababu ndivyo alivyo.

Naomba kuwasilisha.