Mwenye Nyumba na Mpangaji Mgumu: Kuufunga Upangaji kwa Haki Amukura na Miji ya Mpakani



Mada niliyopewa yanitaka nieleze namna mwenye nyumba awezavyo kumwondoa mpangaji mgumu, na hasa yule mgeni aliyeingia kwa maneno matamu, akalipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti bila kupunguza senti, kisha tangu mwezi wa pili akawa mtu wa ahadi. Nimeipokea kwa heshima, ila sitaianza pale mnapotarajia, kwa sababu naona kwamba aulizaye jinsi ya kumtoa mpangaji aghalabu amekwisha chelewa: jawabu la swali lake lilikuwapo siku alipotoa ufunguo, naye siku hiyo hakuwa na swali lolote, maana fedha zilikuwa mkononi.

Hali ya huku kwetu si hali ya kila mahali. Amukura haiko mbali na Busia wala Malaba, na watu wanaotafuta vyumba pande hizi ni watu wa safari: mawakala wa forodha, madereva wanaongojea hati za mizigo, wabadilishaji fedha, walimu waliohamishiwa huku, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe kilichoko kando ya barabara iendayo Malaba. Juu ya hayo, mpaka wenyewe uliwapitia Wateso, wenyeji wa pande hizi, katikati mwaka 1902, pale mkoa wa mashariki wa Uganda ulipotiwa chini ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya, hata leo mtu mmoja akawa na mama upande huu na shamba upande wa Tororo. Mpangaji wa namna hiyo, akizidiwa na deni, hahitaji hila kubwa. Hupanda bodaboda alfajiri, na kufikia saa ya chai yuko katika dola nyingine, chini ya mahakama nyingine. Kwa hiyo mwenye nyumba wa mpakani ana hofu ambayo mwenzake wa Nakuru haijui, na hofu hiyo ndiyo impelekayo kununua kufuli.

Kabla sijafika kwenye kufuli, natutazame sheria, kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba ploti moja ni sheria moja. Tutwae ploti ya kawaida ya kando ya barabara: mbele vibanda vitatu vya biashara, yaani kinyozi, duka la dawa na wakala wa M-Pesa, nyuma safu ya vyumba vya mabati vya kulala, na pembeni nyumba moja nzuri ya mawe aliyopangishwa afisa wa serikali. Mwenye ploti ni mmoja, geti ni moja, choo pengine ni kimoja, ilhali wapangaji wake wako chini ya sheria tatu zisizofanana, na notisi inayomfaa mmoja ni karatasi tupu kwa mwingine.

Vyumba vya nyuma, ikiwa kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, vinaangukia Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, na aishiye humo hatolewi ila kwa amri iliyotolewa kwa sababu ambazo sheria yenyewe imezitaja. Lile la ajabu ni hili, kwamba kiwango hicho cha shilingi 2,500 kimebaki palepale huku bei za vitu vyote zikipanda, hata katika miji mikubwa sheria hiyo ikawa kama imelala. Bali huku kwetu, ambako chumba cha mabati bado chaweza kupatikana kwa kiasi hicho au chini yake, iko macho. Mpangaji wa chumba cha rahisi ana ngao nene kuliko afisa aliye katika nyumba ya mawe. Huyo afisa huongozwa na mkataba wake, na pasipo muda uliotajwa huongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo yataka notisi isiyopungua kipindi cha kodi: alipaye kwa mwezi apewe mwezi, na notisi imalizikie siku ya kulipa.

Lakini penye mashaka makubwa ni vile vibanda vya mbele. Sheria ya mwaka 1965 ya maduka, hoteli na mikahawa, ndiyo Sura ya 301, yasema kwamba upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, ni upangaji unaodhibitiwa. Na neno duka humo limepanuliwa likachukua hata anayeuza huduma, kwa hiyo kinyozi wetu yumo. Mwenye nyumba hawezi kuukatisha upangaji huo, wala kuongeza kodi, wala kubadilisha sharti lolote kwa madhara ya mpangaji, ila kwa notisi iliyo katika fomu iliyowekwa na sheria, yenye kutaja sababu, na isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji aipokee. Fomu hiyo humtaka mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anakataa, na akikimbilia Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla siku ya notisi haijafika, notisi husimama mpaka Baraza liamue.

Sasa, angalieni kinyume kilichomo. Wapo wenye ploti wanaokwepa maandishi kwa makusudi, wakiamini kwamba pasipokuwa na karatasi mpangaji hana haki, nao watamwambia atoke siku watakayo. Kumbe kwa duka, asiyeandika ndiye aliyejifunga! Ule ukimya aliodhani ni uhuru wake ndio uliomtia moja kwa moja ndani ya Sura ya 301, na barua ya siku 30 aliyomlipa karani amwandikie haina uzito wowote. Si kwamba sheria imemnyima njia. Mpangaji akikaa miezi miwili na kodi iliyokwisha wajibika, au akiwa na mazoea ya kuchelewesha, hiyo ni sababu kamili. Vilevile akivunja masharti vibaya, au mwenye nyumba akikusudia kubomoa na kujenga upya, au akitaka kulitumia jengo mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka. Sababu zipo, zinangoja tu kuandikwa mahali pake.

Wengine hukwepa maandishi kwa kuwaogopa watu wa ushuru. Hili nalisema kwa sauti ya chini, ingawa naibu chifu ameketi mbele yangu: ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi huanzia kwenye mapato ya shilingi 288,000 kwa mwaka, yaani 24,000 kwa mwezi, na kiwango chake tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Mama mwenye vyumba sita vya shilingi 2,000 haufikii, na kwa hofu ya deni asilodaiwa anaacha kuandika mkataba ambao ungemwokolea deni analodai.

Nimefika kwenye kufuli. Mambo yafanyikayo tunayajua: mlango hutiwa kufuli la pili mpangaji akiwa kazini, au mlango wenyewe hung'olewa, au mabati mawili huezuliwa wakati wa masika, au umeme hukatwa ili mtu achoke mwenyewe. Sheria ya Sura ya 296 imefanya kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumshurutisha ahame. Na hata pale isipogusa, yule aliyekuwa mdai wa kodi ya miezi mitano hugeuka ghafla akawa mdaiwa, akiulizwa ziko wapi redio, magunia ya mahindi na fedha ambazo mpangaji ataapa zilikuwa chini ya godoro. Nani atamkanusha? Aliyefunga mlango ndiye mlinzi wa vyote vilivyokuwa ndani, vilivyokuwapo na visivyokuwapo.

Kukamata mali kwa ajili ya kodi kunaruhusiwa na Sura ya 293, lakini kwa mkono wa dalali mwenye leseni, si kwa vijana wa mtaa. Na kwa duka linalodhibitiwa, Baraza litoe ruhusa kwanza. Chifu na mzee wa mtaa hawana mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani, na anayewabebesha kazi hiyo anawaponza bure. Faida yao ni nyingine, tena kubwa: wao ni mashahidi. Maafikiano yaliyofanyika mbele ya mzee, yakaandikwa kwamba fulani atahama tarehe fulani, naye asamehewe nusu ya deni, humaliza magomvi mengi kuliko mahakama. Mimi siioni aibu ya kusamehe kodi ya miezi miwili ili nipate chumba changu mwezi huu, kuliko kuidai kodi yote nikashinda baada ya mwaka, mshindwa akiwa Mbale, ng'ambo ya mpaka.

Kwa hiyo narudi kwenye siku ya ufunguo. Uandikwe mkataba, japo wa ukurasa mmoja, katika lugha wanayoielewa wote wawili: majina na nambari za vitambulisho, kwao mpangaji ni wapi na jamaa yake wa kutafutwa ni nani, kodi na siku ya kulipa, dipoziti ni ya nini na itarudishwa lini, ni marufuku kumpangisha mtu mwingine, na chumba hakitakuwa ghala la magendo wala mahali pa kupikia chang'aa. Ulipiwe ushuru wa stempu, maana mkataba usio na stempu waweza kukataliwa mahakamani. Risiti itolewe kila mwezi, hata kodi ikija kwa simu. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wamelitia jambo hili la maandishi katika sheria yao ya mwaka 2022, inayotaka upangaji wa thamani ya shilingi 500,000 za Uganda au zaidi uwe kwa maandishi.

Ninaloomba wajumbe walijadili kabla ya chakula ni kama wenye ploti wa Amukura wako tayari kuwa na fomu za pamoja za mkataba, kwa Kiswahili na Kiteso, moja ya vyumba na nyingine ya maduka. Na kama wako tayari, nakala ya tatu itunzwe na nani, mzee wa mtaa au katibu wa chama chao, kwa kuwa nakala mbili zikiwa mikononi mwa wagombanao wenyewe, siku ya ugomvi huwa imepotea moja.