Mwiba na Kiraka
Hotuba kwa makatekista na vijana waendao kwa pikipiki, Mkuu, siku ya Jubilei

Wazee wetu, ndugu na dada zetu, na ninyi vijana mlioegesha pikipiki zenu pale nje kwa safu kama askari wa gwaride. Tumeagizwa kusema nanyi habari za safari za vigangoni. Wenzetu waliotangulia wamesema habari kubwa kubwa, nasi tumefurahi kuzisikia. Sisi twataka kusema habari ya tairi lililoisha upepo mahali pasipo fundi.

Labda mtu atacheka. Vikariati yetu ya Kilimanjaro ilipowekwa mwaka 1910, mwalimu alikwenda kwa miguu, na mguu hauishi upepo. Ni kweli. Walakini mguu nao huchomwa mwiba, na wazee wale walijua sana la kufanya: mtu huketi chini, hutoa mwiba kwanza, ndipo hufunga jeraha. Sisi tuliosoma tulilisahau jambo hilo, kama mtakavyosikia.

Tairi la upepo si la zamani sana. Mskoti mmoja, Robert Thomson, alilibuni mwaka 1845, watu wasilijali. Hata mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, akalifanya tena kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake. Siku zile tairi lilibandikwa kwa gundi juu ya ringi, na kulitengeneza ilikuwa kazi ya saa nyingi. Ndugu wawili Wafaransa, akina Michelin, ndio waliotoa tairi la baiskeli la kubandulika mwaka 1891. Basi, kijana akikaa njiani nusu saa asinung'unike. Babu zake baiskeli walilala njiani.

Ninyi mwaijua nchi yetu ya Rombo. Huku juu, katika vihamba, barabara ya Marangu hadi Tarakea ina lami, wala huendi mbali usione kijana mwenye pampu na beseni la maji. Lakini ukishuka kuelekea Ziwa Chala na mpaka wa Kenya, migomba hukoma, udongo hukauka, na hapo huanza migunga na mbigiri. Mwiba wa mgunga hupita katika mpira kama sindano katika kanga.

Siku moja ya kiangazi, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa tumemaliza mafundisho katika kigango cha chini, na jua lilikuwa likielekea nyuma ya Mawenzi. Akatujia mama mmoja, mwanawe mgongoni, mtoto wa miaka miwili hivi, mwenye homa kali, kila alichopewa akitapika. Akasema, "Mwalimu, nisaidie nifike Huruma." Twajua sote, Huruma ndiyo hospitali yetu hapa Mkuu. Tukampakia, tukaondoka.

Hatukwenda mbali, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama mtu atokaye kilabuni. Tukasimama mara moja, na hilo tulifanya vema. Maana mtu akiendelea na tairi tupu, mpira wa ndani hujikunja na kukatika penye valvu, na hapo hapana kiraka kitakachoshika. Tena ringi hupinda. Tukaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tukamwambia mama aketi kivulini. Tukasema, "Bado kidogo, mama."

Kazi yenyewe twaijua. Si lazima kufungua gurudumu lote. Hukanyaga tairi mpaka liachane na ringi, huingiza vyuma viwili bapa, hubandua upande mmoja tu, na kuvuta mpira wa ndani kutoka humo. Ukiujaza upepo na kuusogeza karibu na shavu, tundu litakupulizia. Husugua kwa msasa, hupaka solushoni, kisha hungoja ikauke hata isishike kidole. Kungoja huko ndiko kunakowashinda vijana, kwa kuwa wao hubandika kiraka ikali mbichi. Sisi tulingoja. Tukabandika, tukarudisha, tukajaza kwa pampu ya mkono mpaka jasho likatutoka, maana tairi la nyuma lenye kubeba watu wawili hutaka takriban ratili 30 kwa inchi ya mraba. Mama akauliza, "Tayari?" Tukajibu, "Tayari."

Tukaenda kiasi cha kusema Baba Yetu mara tano. Likaisha tena.

Tulikuwa hatukuutafuta mwiba. Tuliziba tundu, na kilichotoboa tukakiacha ndani ya tairi, nacho kikatoboa tena kando ya kiraka chetu. Tukachukua solushoni, tyubu yake, iliyofunguliwa siku nyingi, ilikuwa imetoa tone lake la mwisho. Na bado midomo yetu ikasema, "Bado kidogo, mama."

Mama yule akasimama, akamfunga mtoto mgongoni upya. Akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe kaa na pikipiki yako. Mimi nakwenda." Akashika njia ya mlimani, wala hakutazama nyuma.

Ndugu, tangu siku ile twajiuliza: Mbona hatukumwambia aende tangu mara ya kwanza? Angalikuwa mbali amekwisha kufika. Tulimweka kivulini takriban saa nzima kwa neno letu, kwa sababu tuliona aibu kukiri mbele yake kwamba hatujui tutatoka lini.

Ndipo tukapitisha vidole ndani ya tairi, polepole, maana mwiba haumwogopi mwalimu, nasi tukauona: ncha nyeusi, fupi kuliko punje ya mpunga. Tukaung'oa kwa meno.

Akaja kijana mchunga mbuzi. Akatuamkia, "Shikamoo, mwalimu," akautazama mpira, akacheka kidogo. Akakata ukanda mwembamba katika kipande cha mpira wa baiskeli alichofungia fimbo yake, akakusanya mahali penye tundu kama mtu afungaye kitovu, akazungusha ukanda akikaza kwa nguvu zake zote. Tulikuwa tumepata kusikia habari ya kushindilia nyasi kavu ndani ya tairi, nayo husaidia ukienda mwendo wa miguu. Lakini hii hatukuijua. Ilivuja kidogo tu. Tukapanda mlima polepole, tukisimama mara tatu kujaza, na kila penye kona tukimtafuta mama kwa taa ya pikipiki. Hatukumwona.

Tulifika Huruma usiku. Tukamkuta ameketi kando ya kitanda, mtoto amewekewa dripu na amelala. Lori la mahindi lilimchukua njiani, naye alikuwa amefika zamani. Tukasimama mlangoni na mikono myeusi ya mpira, hatuna neno.

Akainua macho akatuona, akasema, "Pole, mwalimu. Pikipiki imepona?"