Kurejesha Fedha na Kushitakiwa



Tarehe 21 Agosti 2008, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alilihutubia Bunge juu ya fedha zilizochotwa Benki Kuu katika Akaunti ya Madeni ya Nje, ile iliyojulikana kwa jina la EPA. Ukaguzi ulikuwa umetilia mashaka malipo ya shilingi bilioni 133 yaliyofanywa kwa makampuni 22. Waliohusika walipewa hadi tarehe 31 Oktoba wawe wamezirejesha. Atakayeshindwa angefikishwa mahakamani. Sehemu ya fedha zilizorudi ilikusudiwa kusaidia kilimo.

Mjadala ukawaka. Upande wa upinzani, ambako Dakta Willibrod Slaa alikuwa ameivalia njuga kashfa hiyo tangu 2007, uliuliza ni sheria gani inayomfutia mwizi kosa kwa kuwa amerudisha alichoiba. Mwizi wa kuku, walisema watu mitaani, hapewi tarehe ya mwisho. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja yenye uzito: kesi huchukua miaka, na kifungo hakimnunulii mkulima mfuko wa mbolea. Novemba 2008 baadhi ya watuhumiwa walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Swali lenyewe halikufa. Septemba 2019 lilifufuka, Rais John Magufuli aliposhauri kwamba washitakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kutubu na kurejesha fedha wafikiriwe kuachiliwa.

Yafaa ieleweke kwamba sheria hazikukosekana. Sheria ya Uhujumu Uchumi ipo tangu 1984, na ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa tangu 2007. Kilicholegea ni hatua iliyo kati ya taarifa ya mkaguzi na meza ya hakimu.

Hatua hiyo hiyo ndiyo inayolegea vijijini. Chukua chama cha msingi cha wakulima wa alizeti, Kongwa au Mpwapwa. Mkaguzi anakuta stakabadhi za mauzo hazilingani na daftari la benki. Taarifa inasomwa kwenye mkutano mkuu, wanachama wananung'unika, mtunza fedha anaomba radhi na kuahidi kulipa kidogo kidogo. Wazee wanasema ni mtoto wa nyumbani, asiaibishwe. Malipo ya kwanza yanaletwa, pengine na ya pili. Msimu unapofika, mkulima aliyepeleka magunia yake hana fedha ya kulimia, na yule mtunza fedha angali na ufunguo wa sanduku!

Hapa ndipo kosa lilipo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inampa Mrajis uwezo wa kumwamuru kiongozi aliyepoteza fedha za chama azilipe. Lakini deni ni jambo moja na jinai ni jingine. Kulipa la kwanza hakulifuti la pili. Halmashauri ya chama haina mamlaka ya kusamehe wizi, hata kwa kura za mkutano mzima.

Kwa hiyo, taarifa ya ukaguzi ikishasomwa, muhtasari hauna budi kuandika ni nani atakayepeleka jalada polisi au TAKUKURU, na kwa tarehe ipi. Mkutano unaofuata uanze kwa mtu huyo kusimama na kuonyesha namba ya jalada, kabla bei ya mbegu haijajadiliwa.